Picha ya DVD ikivurugika, mjue mgonjwa kabla ya kutupa diski

Hebu fikiria, msomaji, kwamba ni Jumapili alasiri nyumbani kwako mtaani Satellite. Wageni wamefika kutoka mashambani, chai imemiminwa, na watoto wanataka kuona harusi ya baba na mama yao. Unaitoa diski kabatini na kuitia katika kompyuta. Dakika kumi za kwanza mambo ni shwari. Mara uso wa bibi harusi unakatika vipande vya mraba kama vigae vya sakafu, sauti inakwama, na msafara mzima wa magari unageuka rangi ya kijani. Mgeni mmoja anasema diski imeoza. Mwingine anasema kompyuta imezeeka. Ukimwita fundi, huenda akasema yote mawili na kukutoza kwa yote mawili.

Tatizo hili si geni kwa familia za Nairobi. Miaka ya tisini, harusi, mazishi na sherehe za kutoa mahari zilirekodiwa katika kanda za VHS. Diski za DVD zilianza kuuzwa nchini Japani Novemba 1996 na nchini Marekani mwaka uliofuata. Katika miaka ya 2000, wapiga picha wetu wa mitaani walianza kumkabidhi mteja diski badala ya kanda. Wengi walipeleka hata kanda zao za zamani mjini ili zihamishiwe kwenye diski. Kisha deki ya VHS ikaharibika, na kanda zikatupwa au zikaingia ukungu. Hivyo basi, katika nyumba nyingi, diski moja yenye unene wa milimita 1.2 tu ndiyo iliyobaki na sauti ya nyanya akiwabariki maarusi.

Ndiyo maana picha ikivurugika, jambo hilo si la burudani pekee. Anayetupa diski kwa kosa la kompyuta hupoteza kitu kisichouzwa Luthuli Avenue wala kwingineko. Naye anayenunua kompyuta mpya kwa kosa la diski hupoteza fedha zake na picha bado haimtulii. Jambo la busara ni kumtambua mgonjwa halisi kabla ya kutafuta dawa, na kazi hiyo waweza kuifanya wewe mwenyewe mezani pako.

Picha inavyokaa ndani ya diski

Ili uelewe ugonjwa, yafaa ujue kidogo afya ilivyo. Video ya mfumo wa PAL, ambao televisheni zetu nchini Kenya zilitumia enzi za analogi, huwa na picha 25 kwa kila sekunde. Kama kila picha ingehifadhiwa nzima nzima, diski ya kawaida ya DVD yenye nafasi ya gigabaiti 4.7 ingejaa baada ya dakika chache tu. Kwa hivyo wataalamu walitumia mbinu iitwayo MPEG-2. Picha moja kamili huhifadhiwa takriban kila nusu sekunde, na zile zinazofuata huhifadhi yale yaliyobadilika pekee.

Mbinu hiyo inafanana na mtangazaji wa kandanda redioni. Kwanza hukueleza nani anashambulia lango gani, kisha hukueleza tu mpira umekwenda wapi. Ukikosa maelezo ya mwanzo, yote yanayofuata yatakuchanganya mpaka aeleze upya. Vivyo hivyo, kompyuta ikishindwa kusoma sehemu ndogo ya picha kamili, kosa hilo husambaa katika picha zote zinazofuata. Hapo ndipo unapoona vile vipande vya mraba, ambavyo hutoweka ghafla picha nyingine kamili inapofika.

Maandishi yenyewe yameandikwa kwa mstari mmoja mwembamba mno, unaojizungusha kama koili ya kufukuza mbu, kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Leza nyekundu huusoma mstari huo kutoka upande wa chini. Hii ina maana kwamba mwanzo wa video huwa karibu na tundu la katikati, na mwisho wake huwa ukingoni, mahali ambapo vidole vyetu hushika. Diski inayoanza vizuri na kuharibika kadiri video inavyosonga yafaa ichunguzwe ukingo wake kwanza.

Swali moja la kuanzia

Chukua kalamu na karatasi, kisha uicheze diski yako mara mbili. Kila picha inapovurugika, andika dakika na sekunde. Baada ya hapo jiulize: je, kasoro hutokea mahali pale pale kila mara?

Ikiwa jibu ni ndiyo, mshukiwa wa kwanza ni diski. Mkwaruzo hauhami. Ukiharibu dakika ya 34 leo, utaiharibu dakika ya 34 hata kesho.

Ikiwa kasoro hutokea hapa leo na pale kesho, huku draivu ikinguruma, ikinyamaza na kunguruma tena, mshukiwa ni draivu yenyewe au kompyuta iliyolemewa na kazi au joto.

Ikiwa diski zote zina kasoro kuanzia mwanzo hadi mwisho, jaribu kucheza video iliyo ndani ya kompyuta au kwenye flashi. Hiyo nayo ikivurugika, diski na draivu hazina hatia. Tafuta kosa katika programu, au katika ile sehemu ya kompyuta inayochora picha ambayo mafundi huiita kadi ya picha.

Na ikiwa hata maandishi ya kwanza, yale yanayotokea punde tu unapobonyeza kitufe cha kuwasha, yana mistari na madoadoa, basi kosa ni la kioo, waya au kadi ya picha. Unganisha kompyuta na runinga au kioo kingine. Picha ikiwa safi huko, kioo chako au waya wake ndio mbovu. Ikiwa bado ina madoa, kadi ya picha ndiyo mgonjwa.

Jaribio la pili ni la kubadilishana. Mwombe jirani diski ambayo huchezwa vizuri kwake, uicheze kwako. Kisha uipeleke diski yako ikachezwe kwake. Diski ikisumbua katika kompyuta mbili tofauti, ni vigumu kuitetea. Draivu ikisumbuliwa na kila diski, hiyo nayo imejisema.

Mgonjwa akiwa diski

Iinue diski dhidi ya mwanga na utazame upande wa chini. Alama za vidole, mafuta na vumbi huondolewa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi. Pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kitambaa kama mtu anayefuta sahani ya ugali. Sababu yake ni kwamba mkwaruzo unaokata mstari wa maandishi huharibu kidogo tu, na diski ina maandishi ya akiba ya kusahihisha makosa madogo. Mkwaruzo unaozunguka pamoja na mstari hula maandishi mengi yanayofuatana, na akiba hiyo haitoshi.

Chunguza pia upande wa juu. Katika DVD, tabaka la maandishi liko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa. Katika CD na zile VCD zilizotamba kabla ya DVD kuenea, tabaka hilo liko chini kidogo tu ya lebo. Mkwaruzo wa kalamu ngumu upande wa juu waweza kuimaliza VCD papo hapo, hata kama upande wa chini unang'aa kama kioo. Usibandike karatasi juu ya DVD pia, kwa kuwa huifanya iyumbe inapozunguka kwa kasi. Andika kwa kalamu laini iliyotengenezewa kazi hiyo.

Kisha tazama rangi. Diski ya filamu iliyochapwa kiwandani huwa na sura ya fedha upande wa chini. Diski iliyorekodiwa na mpiga picha wa harusi aghalabu huwa na rangi ya zambarau, kwa sababu maandishi yake yamechomwa kwa leza katika tabaka la rangi. Rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Diski iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari, au iliyokaa dirishani miaka kadhaa, yaweza kuharibika bila mkwaruzo hata mmoja. Vilevile joto huipinda, na leza hushindwa kuufuata mstari.

Kuna pia diski ambayo haikufungwa. Kamera na deki za kurekodia zilihitaji kuifunga diski baada ya kazi ili mashine nyingine ziweze kuisoma. Mpiga picha akisahau hatua hiyo, kompyuta yako yaweza kukuambia kwamba diski ni tupu. Usiamini upesi, na usikubali kamwe kuifuta. Itafute mashine iliyoirekodi, au nyingine ya aina hiyo, iikamilishe kazi.

Ama zile diski za bei nafuu zenye filamu kumi au ishirini ndani ya moja, zilizotapakaa River Road na katika vibanda vya mitaani, hazina dawa. Hebu piga hesabu. Filamu moja ya saa mbili ikitengenezwa vizuri huweza kuijaza diski ya gigabaiti 4.7. Ukishindilia kumi humo, kila moja inapata chini ya nusu gigabaiti. Vipande vya mraba unavyoviona viliingia wakati wa kushindilia, na hakuna fundi wala programu itakayorudisha kilichotupwa.

Mgonjwa akiwa draivu

Nairobi ni mji wa vumbi, na sisi wa upande wa Barabara ya Naivasha tunalijua hilo zaidi ya wengi. Vumbi likitua juu ya lenzi ya leza, draivu husoma kama mzee aliyepoteza miwani. Kuna diski maalumu za kusafisha lenzi, zenye brashi ndogo upande wa chini. Ijaribu moja kabla ya kununua draivu nyingine.

Vipakatalishi vingi vya sasa havina draivu kabisa, hivyo watu hununua ile ya nje inayounganishwa kwa waya wa USB. Hapa kuna tatizo ambalo huwahangaisha wengi. Draivu huhitaji umeme mwingi inapoanza kuzunguka, na mlango mmoja wa USB waweza kushindwa kuulisha, hasa kwenye kompyuta kuukuu. Matokeo yake ni picha inayosimama na kuendelea, kusimama na kuendelea. Ichomeke draivu moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyaji. Ikiwa ilikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili.

Kwa wale ambao bado wana kompyuta ya zamani yenye Windows XP ya mwaka 2001, kuna siri moja ya kujua. Mfumo huo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya kompyuta na draivu. Yakifika sita, hupunguza mwendo wa mawasiliano, na hatimaye kompyuta hulazimika kufanya kazi yote ya kubeba maandishi kwa mkono, kwa njia iitwayo PIO. Diski moja yenye mikwaruzo yaweza kusababisha hayo, na tangu siku hiyo hata diski nzuri zikaanza kukwama. Dawa yake ni kuingia katika Device Manager, kuiondoa chaneli ya IDE inayobeba draivu, kisha kuiwasha kompyuta upya. Mfumo huitambua chaneli upya na kurudisha mwendo wake.

Hata hivyo, usiogope kila kituo. Diski zenye matabaka mawili, ambazo hubeba gigabaiti 8.5, husimama kwa muda mfupi mara moja katikati ya filamu wakati leza inapohama kutoka tabaka moja hadi la pili. Huo si ugonjwa.

Mgonjwa akiwa programu

Wengi hudhani kila kompyuta hucheza DVD. La hasha. Windows XP ilihitaji kuongezewa programu ya kufasiri MPEG-2. Windows 7 ilikuja nayo katika matoleo yake makubwa. Windows 8 iliyotoka mwaka 2012 iliondolewa uwezo huo katika kichezaji chake cha kawaida, na Windows 10 ya mwaka 2015 vilevile. Ukinunua kompyuta mpya na diski ikakataa kucheza, usikimbilie kumlaumu muuzaji.

Programu ya bure iitwayo VLC hutatua mengi ya haya. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na tangu mwaka 2001 imetolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuisambaza bila malipo. Hubeba wafasiri wake yenyewe, kwa hivyo haitegemei walio ndani ya Windows. Ukiicheza diski kwa VLC na picha ikatulia, programu yako ya zamani ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Picha ikiendelea kuwa ya kijani au kupasuka ndani ya VLC, fungua Tools, kisha Preferences, kisha Input / Codecs, na uzime ile sehemu iitwayo Hardware-accelerated decoding. Kwa kufanya hivyo unaiambia programu ifanye ufasiri yenyewe badala ya kuitwika kadi ya picha. Picha ikipona, tatizo liko kati ya kadi hiyo na programu ndogo inayoiendesha, ambayo huitwa draiva. Pata draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Usiichukue mahali popote tu, maana wezi hujificha humo.

Hatimaye, gusa upande wa kompyuta. Ikiwa ni moto wa kuunguza na feni inalia kama ndege, huenda vumbi limeziba njia za hewa. Kompyuta iliyopata joto hupunguza mwendo ili kujiokoa, na picha hukwama. Usiiweke juu ya kitanda au mto wakati wa kutazama.

Mistari, watu wanene na kufuli

Kuna kasoro tatu ambazo si ugonjwa hata kidogo, ingawa huwafanya watu watupe diski nzuri.

Ya kwanza ni mistari ya mlalo inayofanana na meno ya kichana, hasa mtu anapocheza ngoma au gari linapopita. Kamera za zamani zilichukua kila picha kwa nusu mbili, kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, jinsi runinga za kioo kinene zilivyotaka. Kompyuta huonyesha nusu zote mbili pamoja, na kama kitu kimesogea kati yake, kingo hazikutani. Katika VLC, bonyeza herufi D kwenye kibodi, na meno ya kichana hupungua papo hapo.

Ya pili ni watu kuwa wanene na wafupi. Video ya zamani ilikuwa na umbo la upana wa nne kwa urefu wa tatu, na vioo vya siku hizi ni 16 kwa tisa. Ikivutwa ijaze kioo, bwana harusi mwembamba hugeuka pipa. Bonyeza herufi A mara kadhaa mpaka binadamu warudi umbo lao.

Ya tatu ni kufuli za kanda za dunia. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo. Kenya iko katika eneo la 5, Marekani ni eneo la 1, na Uingereza ni eneo la 2. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zikiitwa ex-UK zilitumika Uingereza, hivyo draivu zake huenda zimewekwa eneo la 2. Draivu hukuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha hufunga kabisa katika eneo la mwisho. Usichezee nafasi hizo. Tena, filamu nyingi za biashara zimefungwa kwa siri, na kompyuta isipoweza kuifungua siri hiyo, picha huonekana kama vipande vya kijani na waridi vilivyotawanywa. Diski ikiwa safi na bado unaona hivyo tangu mwanzo, shuku kufuli.

Lakini diski ya harusi iliyorekodiwa na binamu yako kule Marekani kwa kawaida haina kufuli. Yaweza kuwa ya mfumo wao wa NTSC, ambao runinga zetu za zamani zilishindwa kuuonyesha vyema. Kompyuta haijali. Huicheza PAL na NTSC bila ubaguzi.

Ukienda kwa fundi

Baada ya majaribio haya, huenda bado ukahitaji msaada. Mafundi wapo hapo hapo Satellite, Kawangware na Dagoretti Corner, na ukishuka katikati ya jiji, Luthuli Avenue imejulikana miaka mingi kwa redio, runinga na vifaa vyake. Tangu barabara hiyo ilipokarabatiwa mwaka 2019 na watembeao kwa miguu kupewa nafasi, hata kupita na kompyuta begani ni rahisi kidogo.

Nenda na karatasi yako ya dakika. Fundi anayeambiwa kwamba picha huvurugika dakika ya 34 katika kompyuta mbili, lakini diski nyingine huchezwa vizuri, hana nafasi ya kukuuzia kadi ya picha usiyoihitaji. Beba diski inayosumbua pamoja na nyingine nzuri, na uombe zichezwe mbele yako. Diski iliyo pekee duniani usiiache dukani. Ukiambiwa itasuguliwa kwa mashine au kwa dawa ya meno, kataa mpaka sehemu zinazosomeka ziwe zimenakiliwa kwanza. Kusugua huondoa plastiki, na kukikosewa hakuna kurudi nyuma.

Nakili ingali inasomeka

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wameiona DVD. Diski ya kurekodiwa huoza polepole hata kabatini, na mara nyingi vipande vya mraba ndiyo dalili za kwanza. Siku unapoviona, hesabu kwamba umepewa onyo.

Ifungue diski katika kompyuta kama unavyofungua flashi. Utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Inakili yote kama ilivyo. Video imegawanywa katika mafaili ambayo kila moja halizidi gigabaiti moja, kwa hivyo huingia bila tatizo hata katika flashi za kawaida ambazo hukataa faili moja la zaidi ya gigabaiti nne. Flashi ya gigabaiti 16 hubeba diski tatu zilizojaa. Diski kuu ya nje ya terabaiti moja hubeba zaidi ya 200, yaani harusi, mazishi na mahafali za ukoo mzima.

Kunakili huku pia ni kipimo. Nakala ikikamilika na kuchezwa vizuri kutoka kwenye kompyuta, diski yako haina neno, na draivu ndiyo iliyoshindwa kuendana na mwendo wa kutazama. Nakala ikikwama mahali fulani kila mara, jaribu draivu nyingine, kwani mara nyingi draivu moja husoma kile kilichoishinda nyingine. Wanafunzi mnaosomea kompyuta vyuoni mwaweza kuwasaidia wazazi hapa kwa programu ya bure iitwayo GNU ddrescue. Hiyo husoma kwanza sehemu nyepesi zote na kuzihifadhi, kisha hurudi kwenye sehemu ngumu na kuzijaribu tena na tena. Ukipoteza sekunde tano za msafara wa magari, hotuba ya babu itakuwa imepona.

Maneno haya ni kuhusu video zako mwenyewe za familia. Filamu na michezo ya kununuliwa ina wenyewe, nao wanalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kazi ya msanii wa Riverwood ni mlo wa watoto wake.

Ukishamaliza, weka nakala moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeishi kwingine, ili moto au mwizi asizipate zote kwa mpigo. Diski yenyewe irudishe katika kasha lake, isimame wima kabatini mbali na jua, na uandike jina la sherehe na mwaka. Kisha wakusanye wazee wangali hai, uwaonyeshe video hiyo, na uandike majina ya watu wanaoonekana humo. Picha ikiwa safi kama maji ya chemchemi na hakuna anayewajua waliomo, wajukuu wako watakuwa wanatazama harusi ya wageni.